Punguza Soli

Mwalimu Shekiondo ameandika kwa chaki mlangoni mwa jimu:
PEKU MARUFUKU.
Tangu sahani ya kilo kumi imwangukie Mbwana Kaniki
na ukucha wake ukahama moja kwa moja,
hataki kuona kidole cha mtu kikipunga hewa.
"Lakini na hizo raba zako, mama," akaniambia,
"umepanda godoro. Nani hunyanyua chuma juu ya godoro?"

Ni kweli. Soli nene kama mkate wa mofa,
kisigino kimeinuka utadhani kina haraka.
Nikishuka na chuma mabegani nayumba:
mguu hauijui sakafu, sakafu haiujui mguu,
hupelekeana salamu kupitia mtu wa kati.

Usiku nikasimama juu ya boksi la sabuni lililopasuliwa,
binti yangu Tatu akauchora wayo wangu kwa penseli.
Akacheka. "Mama, mbona jani la mpapai?"
Nikautazama ule mchoro.
Gumba linatazama kwao, vitatu vimefuatana kwa nafasi,
ila cha mwisho, mguu wa kushoto,
kimejificha chini ya jirani yake.

Hicho nakijua. Hicho ni cha darasa la tano, Muheza.
Kabla ya hapo nilikwenda peku kama watoto wote wa kambi ya mkonge.
Kisha vikaja viatu vyeusi vya binamu yangu Mwanaidi,
namba mbili chini ya yangu,
na mama akasema, vaa, vitapanuka.
Havikupanuka.
Kidole ndicho kilichojifunza adabu.

Jumamosi, Tangamano, na boksi langu kwapani.
Semkiwa wa mitumba akanimwagia jozi ishirini kwenye turubai.
Nakunja kiatu katikati: kinakunjika kama chapati, au kinagoma?
Nakisokota kama nakamua shuka.
Naingiza ngumi mbele, pale vidole vinapolala,
nione vitalala chali
au vitapangwa ubavu kwa ubavu kama dagaa.
"Shangazi," akauliza, "unanunua kiatu au unamkanda mgonjwa?"

Jozi kumi na tisa, mchoro ulimwagika pembeni.
Ya ishirini ilitosha upana,
lakini soli yake nene, na bei ya Semkiwa nene zaidi.
Tukabishana mpaka elfu tisa.

Nikampelekea Fundi Mwinjuma, Barabara ya Nane.
"Punguza soli."
Akavua miwani.
Miaka thelathini na moja watu wanamletea vya kuongezwa:
kisigino, kiraka, tabaka la tairi.
"Nipunguze?"
"Mpaka ibaki ganda la chungwa."
Akanoa kisu. Sponji nyeupe ikamdondokea mapajani vipande vipande,
na alipomaliza akashindwa kutaja bei.
"Kuongeza kuna bei yake. Kuondoa sijawahi kuuza."
Nikampa elfu tatu. Vipande akabaki navyo, atajazia mto.

Jumatatu, Mwalimu alikipinda kiatu, akakinusa gundi,
akaguna, akanipisha mlangoni.
"Anza na kilo chache. Mashavu ya miguu yatakulilia kesho."

Nikasimama.
Sakafu ilikuwa ya baridi. Miezi minne sikulijua hilo.
Kuna ufa unaoanzia kwenye nguzo
na kupita chini ya kisigino changu cha kulia.
Kuna chembe ya mchanga: mtu katoka Raskazone, hakujikung'uta.
Nikainama, nikakamata chuma, nikavuta.
Vidole vikajitandaza, kila kimoja kikatafuta pake,
na kile cha mwisho, cha kushoto, kilichofundwa adabu,
kikatoka kidogo kwa jirani yake,
unene wa kucha tu,
kana kwamba kinachungulia
iwapo viatu vya Mwanaidi vimekwenda zao.